Wafugaji Ziwani

Baba yangu mdogo alikuwa mtu wa kwanza katika vilima vyetu vya Masisi kumiliki mashua. Nafikiri pia alikuwa wa kwanza kumiliki mashua bila kujua kuogelea, bila kupenda maji na bila kula samaki. Miaka ya hamsini ndiyo kwanza ilikuwa imeanza. Mzungu mmoja mwenye shamba, ambaye baba mdogo alimpelekea maziwa kila asubuhi, alikuwa anarudi kwao, akamwachia mashua iliyokuwa imefungwa Sake, ziwani, kwa kubadilishana na mitamba wawili. Majirani walisema baba mdogo amerogwa. Mama mdogo alisema hapana, mume wake ameendelea.

Kuendelea ndiyo ilikuwa homa ya wakati ule. Baba mdogo alikuwa tayari na viatu, saa ya mkono, na picha ya mfalme wa Ubelgiji ukutani. Sasa alitaka kufanya kile alichomwona yule mzungu na bibi yake wakifanya kila kiangazi: kuzunguka bandari za ziwa, mji kwa mji, mume na mke, bila kazi yoyote.

Mimi nilikuwa nimetoka shule ya walimu na diploma yangu, na jambo moja tu lilinikosesha usingizi. Nilitaka kumwoa binti mmoja wa Kalehe, niliyemfahamu alipokuwa akijifunza kushona kwa masista jirani na shule yetu. Baba yangu alikuwa amefariki, hivyo wa kunisemea alikuwa baba mdogo. Nilimwomba apitishe mashua Kalehe. Akakubali mara moja, kwa sauti ya mtu aliyeombwa kushusha mzigo mdogo njiani.

Ndipo nikaanza kufikiri. Baba wa binti alikuwa katekista na mvuvi. Mgeni wa mvuvi hupewa samaki. Nasi watu wa ng'ombe hatukula samaki: aliyemla, ng'ombe wake hukauka maziwa, na yeye mwenyewe hakaribii chombo cha maziwa mpaka siku nne zipite. Ubatizo ulituondolea mengi, lakini hilo haukulifikia. Sasa anayesukuma sahani ya baba mkwe, je, amemkataa samaki, amemkataa mvuvi, au amemkataa binti? Niliandika maswali yangu katika daftari, kwa Kifaransa, nikayapanga kwa herufi. Nilifika M.

Kabla ya samaki kulikuwa na karani wa Serikali pale Sake. Mtu hakutoka katika eneo lake bila karatasi, na karatasi ilidai sababu.

— Munaenda kufanya nini? akauliza.

— Kutembea, akasema baba mdogo.

— Kutembelea nani?

— Kutembea tu. Leo hapa, kesho pale.

Karani akaweka kalamu chini.

— Papa, muntu mweusi hatembeake bure. Munauzisha nini?

— Hatuuzishe kitu.

— Basi munakimbia nini?

Mama mdogo alikuwa amevaa kofia pana aliyoachiwa na bibi wa mzungu, na kofia ile ilimpa ujasiri.

— Andika tunakimbia kelele ya bantu kama weye.

Nikaona ndoa yangu inazama kabla mashua haijaelea. Nikamwambia karani haraka kwamba tunakwenda kuposa. Akaandika "kutafuta bibi", akapiga muhuri, akaniangalia kwa huruma.

— Sasa hii njo safari ya muntu.

Mashua ile baba mdogo aliitunza kwa elimu aliyokuwa nayo, yaani ya ng'ombe. Asubuhi aliipapasa ubavu kabla ya kuwasha moteri. Ikikataa, aliibembeleza kwa maneno anayomwambia ng'ombe anayezuia maziwa. Jioni aliifunga kwa kamba fupi ya ndama na kuwasha majani mabichi kando yake, moshi ufukuze nzi. Tulipolala Bobandana, wavuvi walikuja kuangalia.

— Papa, iko na mimba? akauliza mmoja.

— Hapana, akajibu baba mdogo bila kutabasamu. Iko imechoka.

Yeye na mama mdogo walisafiri wameketi kwenye viti viwili vya mbao, wameligeuzia ziwa mgongo, wakitazama vilima vya pwani na kubishana juu ya majani yake. Bandari ilikuwa nzuri ikiwa na malisho. Mimi nilikaa karibu na moteri nikiwafundisha la kusema Kalehe: baba mdogo atasingizia tumbo, mama mdogo nadhiri kwa Bikira Maria. Walirudia vizuri. Baba mdogo alirudia hata kwa kushika tumbo.

Katekista alitupokea mwenyewe ufukoni, akacheka kuona ile kamba ya ndama, akatukalisha mezani. Hatujamaliza salamu, binti yake akaingia na sahani mbili. Moja ilikuwa na samaki mzima, ya pili ilikuwa na maharagwe na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Hii ya pili akaiweka mbele yetu.

— Najua bantu ya ngombe hawakulake samaki, akasema binti. Nimewapikia maharagi.

Maswali yangu yote mpaka herufi M, na sikuwa nimefikiria kwamba yeye naye anaweza kufikiri. Nilishusha pumzi mapema mno. Mama mdogo alikuwa anaangalia maharagwe, kisha samaki, kisha maharagwe.

— Na ile ya kule iko ya nani?

— Iko ya siye, Mama, akasema katekista.

— Siye tuko bageni gani, ba kutengewa chakula? Munafikiri tungali bapagani?

— Hapana, Mama, tunaheshimu tu. Kila muntu na desturi yake. Hata mitume walikuwa bavuvi.

— Na Daudi alichunga, akajibu mama mdogo. Leta samaki.

Alikula kwa uma, na miiba akaitafuna, kwa kuwa hakujua kama hutolewa. Machozi yalimtoka lakini kofia haikutikisika. Baba mdogo alimtazama kama mtu anayeona kundi lake likitelemkia korongoni.

— Na ngombe? akamnong'oneza.

— Ngombe iko Masisi. Haituone.

Basi naye akala. Alianza na kichwa. Katekista akapiga meza kwa furaha.

— Bantu hawa bameendelea kweli!

Baba mdogo, aliyesubiri maneno hayo miaka yote, akaomba kipande cha pili.

— Nilikuwa na woga moja tu, akasema katekista. Kwamba kule juu mutamutenga mutoto wangu na sahani yake. Sasa nimeona. Lakini muchumba mbona hakule?

Wote wakanigeukia. Kila Ijumaa shuleni nilimpa jirani yangu samaki wangu, nikisema naumwa. Wakati huohuo niliandika insha ya kupinga imani kama hizo, nikasifiwa darasani. Sasa uma niliuweka chini. Niliwaona ng'ombe wetu wakikauka mmoja mmoja, na sikuwa na hata ng'ombe mmoja wa kwangu.

— Mwalimu anafikiri, akasema katekista, na furaha ilikuwa imempungua.

— Anafikiraka hata akilala, akasema mama mdogo.

Binti akakaa mbele yangu, akachambua miiba, akanisogezea kipande.

— Kwenu batanipatia maziwa, akasema polepole. Sijakunywa hata siku moja. Minaogopa sana. Lakini nitakunywa. Na weye?

Nikafunga macho, nikameza bila kutafuna. Nilipofungua, katekista alikuwa ameshamshika baba mdogo mkono na kumwita mkwe.

Ndoa ilikubaliwa palepale. Ila sasa hakuna kati yetu aliyethubutu kurudi nyumbani kwenye vyombo vya maziwa kabla siku nne hazijatimia, na wakwe, kwa heshima, walitupikia samaki kila mchana. Kila mchana, basi, tulianza kuhesabu upya. Kule Masisi, kwa kuona tumekawia matembezini, walisema tumetajirika. Siku ya tisa katekista mwenyewe alifungua ile kamba ya ndama.

— Mkwe, harusi tutafanya, akasema akiisukuma mashua. Mutoto mutamupata. Lakini muende.