Binamu Yangu Ndani ya Gemu

Kwa miaka kadhaa sasa naandika simulizi za kusomwa kwenye simu. Mchana nachapa barua za watu na kutoa fotokopi kwenye steshenari moja hapa Bariadi. Wateja wakipungua, nageukia simu yangu na kuandika. Sehemu ikikamilika naituma kwenye kundi la wasomaji wangu, kisha nakaa kusubiri wanisifu au wanitukane. Mara nyingi hufanya yote mawili.

Simulizi iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya kijana mcheza gemu aliyevutwa hadi ndani ya gemu lenyewe. Hadithi za namna hiyo ziko nyingi. Kijana ameshika pedi ya gemu, kioo kinawaka ghafla, akifumbua macho yuko kwenye nchi ya wafalme na majoka, ana upanga mkononi na nguvu ambazo nyumbani hakuwa nazo. Nazipenda, na zinaniudhi. Zinaniudhi kwa sababu kijana akishafika huko, mwandishi anasahau kabisa alikotoka. Mama yake je? Amerudi kutoka sokoni, amekuta pedi sakafuni na kiti kitupu, nani anamweleza? Hakuna. Mwandishi yuko bize na majoka.

Wa kwangu nilimfanya Msukuma. Mfalme alipomkabidhi upanga, aliuliza kwanza ng'ombe wa nchi ile wananywa maji wapi. Kufikia sehemu ya kumi alikuwa na zizi lake, na askari wa mfalme walikuwa wanapanga foleni asubuhi kuomba maziwa. Wasomaji walicheka sana. Msomaji mmoja aliandika kwamba huyu jamaa hata peponi atauliza malisho.

Ukweli ni kwamba sikumtunga. Alikuwa binamu yangu, mtoto wa shangazi yangu, na alikuwa amefariki miaka mitatu kabla sijaanza kuiandika. Tulilelewa pamoja kule Sola, wilaya ya Maswa. Akija Bariadi kunitembelea, hatukai nusu saa kabla hajanivuta hadi kwenye kibanda cha gemu. Mimi nilikuwa mwanamke pekee mle ndani, nimesimama nyuma ya kiti chake nikimwelekeza vibaya kwa makusudi. Akifungwa ananigeukia na kuniambia nimemloga. Basi nilipohitaji mcheza gemu wa kumpeleka kwenye nchi ya wafalme, sikutafuta mbali. Nilimpa mwendo wake, kicheko chake, na hata namna yake ya kuhesabu ng'ombe, maana hakuwahesabu kwa kuwanyooshea kidole. Alificha mikono nyuma ya mgongo na kukunja vidole kimoja kimoja huku akijifanya anaangalia mawingu.

Sasa lazima nieleze jinsi alivyokufa, na jambo tulilolifanya.

Mwaka ule, msimu wa pamba, shangazi alianguka kutoka juu ya mkokoteni uliosheheni magunia, akavunjika paja. Alilazwa hapa Bariadi, mguu umening'inizwa na kuvutwa kwa mawe ili mfupa uunge, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mjini, nikawa muuguzaji wake. Nilimpelekea uji, nilimfulia, nilimgeuza. Mwanawe alikuwa ameshaenda Nassa, kando ya ziwa, kufanya kazi ya uvuvi mpaka mvua zianze. Homa ilimpata Jumatatu. Alhamisi baba yangu alinipigia simu, nikatoka wodini kuipokea, akaniambia binamu hayupo tena, na mwili uko njiani kuelekea Sola.

Wazee walikuwa wameshakaa na kuamua. Presha ya shangazi ilikuwa juu, mguu haujaunga, na mgonjwa haambiwi msiba. Kwetu hilo halina mjadala. Mtu anafichwa mpaka apate nguvu za kuubeba. Baba akasema, "Usimwache peke yake hata siku moja. Na akiuliza habari za mwanawe, ujue cha kumjibu."

Aliuliza siku hiyo hiyo. Nikamjibu kwamba anaendelea vizuri, ila simu yake imeingia maji. Kesho yake akauliza tena, nikasema ametuma salamu kwa mtu, amepata kazi kwenye mtumbwi wa watu wazuri. Keshokutwa nikasema amekula sato mkubwa mpaka akamkumbuka mama yake. Shangazi alicheka kwa kuguna, kwa sababu ya mguu. Nikaona dawa imefanya kazi, nikaongeza kipimo. Kwa wiki tatu na siku kadhaa binamu yangu aliishi Nassa kwa mdomo wangu. Alishona nyavu, aligombana na mpishi, alitaniwa na wavuvi kwa kuogopa maji. Nilikuwa hodari. Aibu inanipata ninapoandika, lakini ni kweli, zipo siku nilitembea kwenda hospitali huku nikiwaza leo nimpe kisa gani.

Shangazi alipotoka hospitali, tulimrudisha Sola kwa gari la kukodi. Wanawake walikuwa wamekaa uani wanasubiri, na ng'ambo ya zizi kulikuwa na kaburi ambalo udongo wake ulikuwa bado mwekundu. Baba alimwambia palepale, kabla hajashuka vizuri. Wanawake wakaanza kulia. Shangazi hakulia. Aliliangalia kaburi, akawaangalia wote mmoja mmoja, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mwanangu jana alikuwa Nassa. Hapo mmezika gogo."

Huku kwetu kila mtu anajua maana ya maneno hayo. Wapo wanaoamini kwamba mtu akifa ghafla, hajafa. Amechukuliwa, anatumikishwa mahali ambapo macho ya kawaida hayafiki, na kilichozikwa ni gogo lililofanywa lifanane naye. Wapo wasioamini, nami ni mmoja wao, kama imani yangu ina maana yoyote. Watu wa kanisani walikuja kumwombea. Wengine walimshauri aende kwa waganga, akaenda, akarudi vilevile. Kila chakula alimwekea mwanawe sahani. Ukoo ulisema amechanganyikiwa. Mimi nilijua hajachanganyikiwa. Alikuwa ameamini maneno yangu, basi. Nikaacha kwenda Sola, nikasingizia kazi.

Halafu nikaandika simulizi ile, nikiwa na hakika haitafika kwake. Shangazi hasomi, na Kiswahili chake ni cha kusalimia na kununulia chumvi. Nilisahau kwamba ana mjukuu wa kidato cha pili, mtoto wa binti yake mkubwa, na kwamba shule zilikuwa zimefungwa. Kumbe yule mjukuu alikuwa kwenye kundi la wasomaji wangu kupitia simu ya mama yake. Kila jioni alikuwa akimsomea bibi yake na kumgeuzia kwa Kisukuma.

Shangazi alitokea steshenari saa nne asubuhi, siku ya gulio. Alikuwa anachechemea, amevaa kitenge chake cha kanisani, kwapani ana kuku aliyefungwa miguu. Nilimwamkia, naye akaniitikia kwa heshima isiyo ya kawaida. "Mwangaluka, mayu," alisema, yaani umeamkaje, mama, kwa namna ambayo mtu humsalimia mwenyeji anayemhitaji. Nikamwachia mwenzangu mashine, nikamchukua hadi chumbani kwangu, jirani tu na pale. Nikamvutia kiti, akakataa. Alivua viatu mlangoni, akaketi sakafuni, akanyoosha ule mguu, akamweka kuku mbele yangu.

Nilielewa, na hasira zikanipanda. Hivyo ndivyo mtu anavyokaa mbele ya mganga.

"Sengi, inuka," nikamwambia. Sengi ndilo jina tunalomwita shangazi kwetu. "Usinikalie hivyo."

"Sikai vibaya. Nimekuja kuuliza tu." Alizungumza Kisukuma, taratibu. "Huko aliko, ng'ombe anaochunga ni wake au ni wa yule mfalme?"

Nikaanza kumweleza. Nikamwambia ni hadithi, nimeiwaza kichwani, na gemu ni mchezo wa kwenye kioo. Nikafungua simu nikamwonyesha vijitu vinavyokimbia na mapanga. Alitazama kwa adabu, kama anavyotazama picha za harusi za watu asiowajua, kisha akanirudishia simu.

"Unasema umewaza," akasema. "Lakini anahesabu ng'ombe mikono ikiwa nyuma. Hilo nalo umeliwaza?"

"Hilo nilimwona nalo zamani, sengi. Tulikua pamoja."

"Basi unamwona bado. Hata kule hospitali ulikuwa unamwona. Wenzako walikuwa wanazika gogo, wewe ulikuwa unaniambia amekula nini. Hukukosa hata siku moja." Akamsogeza kuku karibu yangu zaidi. "Sikulaumu kwa kunyamaza miaka yote hii. Labda umekatazwa. Nakuomba umrudishe. Mjukuu wangu anasema wewe ndiye unayeamua mwisho wake."

Nilikuwa na hasira hadi hapo. Nilimkasirikia mjukuu, nilimkasirikia kuku, niliwakasirikia wazee na uamuzi wao. Maneno yale yaliizima yote. Mwanamke huyu alikuwa amepanda basi na mguu mbovu kwa sababu duniani kote kulikuwa na shahidi mmoja tu wa uhai wa mwanawe, na shahidi huyo ni mimi. Ningeweza kuendelea. Nilikuwa na majibu tayari kichwani, yanakuja yenyewe, matamu, kama yalivyokuwa yakija njiani kwenda hospitali. Ningemwambia yuko salama, amenenepa, anarudi mvua zikianza. Angeenda nyumbani anacheka.

Nikashuka kitini nikakaa sakafuni, tukatazamana.

"Sengi, nilikudanganya," nikasema. "Siku niliyokwambia amekula sato, alikuwa ameshazikwa. Yote ya Nassa niliyatunga. Nyavu, mpishi, wavuvi, salamu. Hakuna aliyeniletea salamu. Baba alinipigia simu Alhamisi ile, nikiwa nimetoka kukufulia. Nikarudi ndani nikakwambia simu yake imeingia maji."

Kuku alipapatika, akatulia.

"Wewe ulimwona?" akauliza. "Akizikwa, ulimwona?"

"Sikumwona. Nilikuwa nawe."

"Basi hujui."

Ni kweli, sikujua. Sikuwahi kuuliza. Miaka mitatu sikumwuliza mtu yeyote namna walivyomzika. Nilichukua simu, nikampigia baba, nikaweka sauti kubwa. Alikuwa shambani, upepo unavuma. Nikamwambia niko na dada yake, na kwamba anataka kusikia.

"Kusikia nini?"

"Msiba, baba. Wote. Hakuna aliyewahi kumsimulia."

Baba si msemaji. Nilidhani atakata. Badala yake alikohoa, kisha akamwita dada yake kwa jina la utotoni, jina ambalo sikuwa nimelisikia kabla, akaanza. Alisema mwili ulifika jioni. Alisema walimwosha watu wawili, yeye na mdogo wake, na maji yalichemshwa na jirani wa upande wa kisimani. Walimvika shati la kitenge, kola ameitafuna upande mmoja kama kawaida yake.

"Mguu," shangazi akasema. "Mguu wa kushoto mliuona?"

"Niliuosha mwenyewe. Kidole cha mwisho hakina kucha. Ile kucha uliing'oa wewe, alipojikata na jembe."

"Na kisigino?"

"Kimepasuka. Nilikipaka mafuta."

Shangazi aliitikia kwa kuguna, kila jibu. Alimwuliza nani alichimba, kichwa kililazwa upande gani, na kama ng'ombe walikuwa zizini au malishoni wakati ule. Baba alijibu kila swali, na mahali fulani katikati sauti yake ilianza kukatika, tukamsubiri. Mwisho shangazi alisema, "Umemwosha vizuri," akanipa ishara nikate simu.

Kisha akalia. Alilia akiwa ameketi vilevile, mguu umenyooka, mikono juu ya magoti, kilio cha sauti kubwa mpaka wapangaji wenzangu wakaja mlangoni kuuliza kuna nini. Nikawaambia tuna msiba. Mmoja akauliza umetokea lini, nikamwambia leo. Wakaingia, wakavua viatu, wakakaa nasi.

Alipotulia ilikuwa inakaribia saa nane. Mpangaji mmoja alikuwa ametupikia uji, na kuku alikuwa amefunguliwa, anadonoa uani. Shangazi alijifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Yule wa kwenye simu usimrudishe," akasema. "Ukimrudisha, wanaokusoma nao watawasubiri wafu wao."

Nikamwambia sawa.

Alinywa uji kidogo, akaweka kikombe chini, akanitazama kana kwamba ndiyo kwanza ananiona tangu afike.

"Siku zote zile za hospitali," akaniuliza, "wewe ulikuwa unamlilia wapi?"

"Chooni," nikamjibu. "Nyuma ya wodi. Nilikuwa nafungua bomba ili usinisikie."

Akasogea ukutani, akavuta ule mguu taratibu kwa mikono miwili mpaka pakapatikana nafasi kando yake, akapiga sakafu kwa kiganja.

"Njoo hapa," akasema. "Hapa hakuna bomba."