Vidonge vya Faustina

Jumapili ile Mzee Saulo alisimama mbele ya kanisa, Biblia mkono wa kulia, pakiti ya vidonge vya uzazi wa mpango mkono wa kushoto.

Vidonge vya binti yake.

Hii ni Mafinga, mwaka jana. Mzee Saulo ni fundi seremala, mzee wa kanisa, na ndiye aliyekuwa anawafundisha vijana somo la usafi wa mwili. Mimi nipo karakana kwake mwaka wa sita. Mengine niliyaona, mengine kanisimulia mwenyewe.

Wiki hiyo gari la kampeni ya uzazi wa mpango lilikuwa limepiga kambi stendi. Muziki mnene, kondomu bure, vidonge bure, wasichana wamejaa. Mzee roho ikamchafuka.

"Hawa wanawapa watoto wetu ruhusa ya kutenda dhambi," aliniambia.

Ijumaa akakuta pakiti chini ya godoro la Faustina. Mtoto wake wa pekee, miaka kumi na tisa, mwimbaji wa kwaya.

Hakuuliza kitu. Akasubiri Jumapili.

"Siwezi kukemea watoto wenu nikamficha wangu," alisema. "Naomba atengwe."

Faustina akamwangalia mama yake, Devotha, benchi la tatu. Devotha akainamisha kichwa.

Binti akavua joho la kwaya, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye kiti. Akatoka. Hata chozi halikumtoka.

Nyumbani mzee akavitupa vidonge motoni.

Wiki ya tatu Faustina akaanguka bafuni. Kumbe damu ilikuwa inamtoka siku ya tisa, anafua kanga kwa kujificha.

Hospitali wakapima, kiwango cha damu kimebaki gramu tatu. Nesi akauliza, "Kuna dawa alikuwa anatumia?"

"Vidonge vya uzazi wa mpango," Devotha akajibu. "Daktari alimwandikia kupunguza hedhi, ilikuwa inamtesa. Nilimpeleka mimi."

Mzee Saulo akamgeukia mkewe.

"Wewe ulijua? Na kanisani ukanyamaza?"

"Niliogopa."

"Ulimwogopa nani?"

"Wewe, baba Faustina. Ningemwogopa nani mwingine?"

Damu ya kumwongezea haikuwepo, wakapewa rufaa ya Iringa. Ndani ya gari la wagonjwa Faustina alilaza kichwa mapajani mwa baba yake.

"Baba, mimi sijawahi kulala na mwanaume."

"Najua, mwanangu."

"Hukujua," akasema taratibu. "Umejua leo."

Walipofika Ipogolo, kabla ya kupanda mlima kuingia mjini, mzee alisikia mkono wa mwanaye umelegea. Akaendelea kuushika hadi hospitali. Hakumwambia mtu.

Baada ya arobaini ya Faustina, Devotha alirudi kwao Kilolo. Mzee alimfuata mara mbili. Mara zote alikaribishwa chakula, akala, akasindikizwa barabarani. Peke yake.

Siku moja tunapiga randa mbao, nikamuuliza kama bado anaamini yale aliyokuwa anafundisha.

"Naamini," akasema. "Mwili ni hekalu, hilo sijalitupa. Ila nilikuwa mwepesi wa kuhukumu, na kuuliza nikaona ni kazi."

Akapangusa vumbi usoni kwa kiganja.

"Ningemuuliza tu, 'Mwanangu, unaumwa nini?' Maneno matatu, kijana wangu. Maneno matatu yalinishinda."

Wewe mwenye mtoto, muulize leo. Halafu nyamaza, umsikilize.