Gogo la Jiwe Sebuleni

Sebule yangu ya Kinyerezi naipenda mno, na sioni haya kusema. Ukutani kuna rafu za vioo, na juu yake mawe niliyoyakusanya kwa miaka: amethisti ya zambarau, kipande cha kijani chenye madoa mekundu kutoka Longido, na ulanga unaometameta taa ikiwashwa. Katikati, mahali pa meza, nimeweka gogo lililogeuka jiwe. Ni mti ulioanguka huko kusini zamani za kale, ukafukiwa, ukawa jiwe na gome lake lote. Juu wameukata na kuung'arisha, unaona hadi miduara ya umri wake. Mume wangu husema tunaishi makumbusho, bado kukata tiketi tu.

Mama nilimleta hapa baada ya kuanguka bafuni kwake Mtoni. Alikuwa peke yake, akalala sakafuni mpaka jirani alipokuja kuomba kiberiti. Nikaapa kwamba harudi kuishi peke yake. Lakini kuapa ni kwangu, kukubali ni kwake. Alikuja na begi moja, akaliegemeza nyuma ya mlango, na hakulifungua ila kutoa kanga. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akauliza lini atarudishwa kwake.

Sebuleni alikaa ukingoni mwa kochi kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Akishika ufagio, nampokonya. Akiingia jikoni, namtoa. "Mama, pumzika bwana." Nilijiona binti mwema kwelikweli.

Jumamosi moja nilikuwa uani naanika nguo, nikasikia ko! Halafu tena, ko! Mlio ulitoka sebuleni. Moyo ukanilipuka: ameanguka tena. Nikaitupa shuka kwenye beseni nikakimbia, mikono inachuruzika maji.

Hakuwa ameanguka. Alikuwa amepiga magoti zuliani, nazi mkononi, anaigonga kwenye gogo langu. Kabla sijafungua mdomo akagonga tena, nazi ikapasuka. Maji kidogo yaliingia kwenye bakuli alilotega. Mengine yalitapakaa juu ya ule mng'aro wote na kushuka kwenye zulia.

"Mama! Hilo ni pambo!"

"Pambo la nani? Sie kwetu kusini haya yalikuwa yamejaa mashambani. Bibi yako alikuwa nalo uani, nazi hapohapo, kunoa visu hapohapo. Tangu nije nalitazama tu, nasema hawa watoto wamelifungia ndani la nini?"

Nikainama kulipapasa. Hapakuwa na ufa, wala mkwaruzo. Nikaanza kucheka, na katikati ya kicheko machozi yakanitoka, maana nilikuja mbio kumwokota mama yangu, nikamkuta na nazi. Sijawahi kufurahia zulia lililolowa namna ile.

"Si ungeniambia nikuvunjie?"

"Ungekubali? Wewe! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mie nakaa humu nangoja jembe, nyie mnaniletea mito."

Nikampisha. Akaingia jikoni na vipande vyake viwili vya nazi, akafungua kabati moja baada ya jingine, akaitoa mashine yangu ya kusagia, akaitazama juu chini, akairudisha.

"Mtume mtu Mtoni kesho," akasema. "Aniletee mbuzi yangu ya kukunia nazi. Na ile sufuria nyeusi."

Nikamuuliza, taratibu nisije nikaharibu, kama aletewe na kitu kingine.

Akafikiri huku anatafuta kisu.

"Na kitanda changu. Kama bado kuna nafasi kwenye hayo makumbusho yenu."