Udongo Usiotakiwa Kuonekana

Juzi Kimamba nilimkuta mama mmoja amekalia mfuko wa saruji, fundi wake asiufungue. Alikuwa amemfuma akitia unga wa udongo uliochomwa kiwandani kwenye zege la msingi.

“Unanichakachulia! Nahama nyumba ya udongo, wewe unaniletea udongo?”

“Mama, jaribu mwenyewe.” Fundi alimpa nyundo na vipande viwili vya zege alivyokuwa amevilaza kwenye maji machafu ya mtaro tangu masika ili avijaribu. Cha saruji tupu kilipasuka upesi. Chenye udongo kiliirudisha nyundo.

Mama akainuka, akajipangusa kanga. “Haya, changanya. Ila majirani wakiuliza, ni saruji tupu.”

Kumbe udongo hatuuchukii, tunaogopa kuonekana nao. Nami nilimwahidi sitamwambia mtu, kama mnavyoona.