Mwarobaini na Kifaru wa Baba

Mpaka leo nikisikia harufu ya majani ya mwarobaini yanayochemka, machozi hunilengalenga. Si kwa sababu ya uchungu wa dawa, ingawa nimeshabanwa pua nikanyweshwa sana. Ni kwa sababu ya baba.

Nyumbani kwetu Usagara, mwarobaini ulikuwa mti usio na heshima. Tuliufungia mbuzi, tuliuvunja miswaki, na kila kiangazi mama aliukatakata kuni. Mvua zikirudi ulichipua tena, kana kwamba unatutania.

Baba alikuwa askari wa wanyamapori. Huko porini alilinda kifaru jike mzee na ndama wake, na akija likizo hakuwa na habari nyingine.

"Mke mwenzangu hajambo?" mama alimchokoza, na baba alicheka mpaka akapaliwa.

Siku moja akaja bila kutarajiwa, buti zimejaa matope. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia. Chakula alikisukuma pembeni, macho mekundu, mwili unatetemeka. Kwetu, mtu wa namna hiyo ana malaria tu. Mama akachemsha chungu cha mwarobaini, akamfunika blanketi ajifukize, akaniweka mlangoni nizuie watu.

Mara nikasikia baba analia. Sikuwahi kujua kwamba baba hulia.

"Mama Minza, wamemuua," alisema humo ndani ya blanketi. "Wamechukua pembe, wakamwacha mtoto amesimama pale pale."

Mimi, Minza mwenyewe, nikaona nina la kumfariji. Nikafunua blanketi kidogo. "Baba, nyamaza. Atachipua tena, kama mwarobaini wetu."

"Mti ukiukata, mwanangu, shina linabaki. Yule hakuacha shina." Akanivuta ndani kwenye mvuke, tukalia wote, mimi nikidhani ni dawa inaniwasha macho.

Mwaka jana tulimzika baba. Waombolezaji walipotawanyika, mama alikaa kimya, amekauka macho, anatetemeka. Shangazi akasema ana malaria, apelekwe hospitali. Mimi nilikwenda kwenye mwarobaini ule ule, nikachuma majani, nikachemsha, nikamfunika blanketi.

"Minza," aliniita humo ndani, sauti imeanza kukatika, "hata baba yako siku ile hakuwa na malaria. Nilijua. Lakini mwanamume angelilia wapi?"

Nikamfunika vizuri, nikaenda kukaa mlangoni.