Kaka yangu alikata kwa wembe nyuzi za kidole changu, leo anadai yeye ndiye aliyekiponya

Wakuu, salamu kwenu, na vijana mlioniamkia humu, marahaba. Shule niliishia darasa la tatu, msihangaike kunisahihisha herufi. Haya yalinipata mwenyewe, na kidole chenyewe ninacho.

Miaka ya tisini nilikuwa na mashine ya kukoboa mpunga pale Lipangalala, Ifakara. Niliinunua kwa jasho langu, hakuna aliyenichangia hata nati.

Siku moja mkanda ukanidaka kidole cha shahada, mkono wa kulia. Ncha ikaenda, mfupa ukabaki unachungulia.

Hospitali nikamkuta daktari wa upasuaji, mama mmoja.

"Baba, naweza kukikata kwenye kiungo, ukapona haraka. Au nikikunje, nikishone kwenye kiganja chako, hapa chini ya dole gumba. Nyama ya kiganja ikishika kwenye ncha, baada ya wiki mbili hivi nakitenganisha."

Nikamwambia shona.

Sababu ni hii. Mpunga mbichi ukiukoboa unatoka chenga tupu. Wengine wanaupima kwa kung'ata. Mimi nausugua kwa kidole hicho, najua umekauka au bado. Wateja walikuwa wananipa magunia yao kwa kukiamini. Kikikatwa, nami nimekwisha.

Akashona, akaonya bandeji asiifungue mtu yeyote ila yeye.

Siku chache baadaye kaka yangu mkubwa akaja kutoka Mang'ula kunipa pole. Mimi nimelala mchana, dawa zimenilevya. Akataka kuona kidonda. Mke wangu akamwambia daktari amekataza.

"Shemeji, huyu nimembeba mgongoni mimi."

Kwetu mkubwa akishasema hivyo, mke anakaa kimya.

Nikaamshwa na maumivu. Bandeji iko chini, kaka ameshika wembe.

"Tulia, mdogo wangu. Wamekosea hawa, wameshona kidole na kiganja pamoja. Ugali ungekulaje? Yule mama alidhani anashona mkeka."

Nilimpiga teke la kifua, ukubwa wake nikausahau.

Nikapakiwa kwenye baiskeli kurudi hospitali. Upande mmoja nyama ilishaachia.

"Nani amefungua?" daktari akauliza.

"Kaka."

"Ni daktari?"

"Ni mkubwa wangu."

Hakucheka. Akashona upya, akasema ikikataa safari hii anakata.

Ikashika. Leo ni kifupi, kucha imepinda, lakini kinahisi kila punje.

Sasa kinachonichoma mpaka leo. Kila msiba, kila harusi, kaka anasimulia watu: "Huyu walimshona ngumi. Bila mimi angekuwa amekunja mkono mpaka kesho." Watu wanampa mkono. Eti pole na hongera.

Ninachowaambia ni kimoja. Mgonjwa wako mpelekee uji, wembe acha kwako. Kuzaliwa mwanzo si udaktari.

Msimu uliopita akaniletea magunia yake nikoboe, amejaza ua mzima. Nikachota, nikasugua kwa kidole kilekile, mbele ya wateja wote.

"Kaka, bado mbichi. Rudi nao ukaanike."

"Mbichi wapi? Umepimaje?"

Nikamwonyesha kidole. Akapakia magunia yake, akaondoka.

Na ulikuwa mbichi kweli. Semeni wakuu, nilimwonea?