Vurugu Ilianzia Majini

Enzi zetu pale Chiola, bomba halijafika, neno vurugu tulilijulia majini. Juzi binti wa kaka yangu, anayesoma sekondari Ruangwa, aliniuliza limetoka wapi. Nikafungua kamusi: linatokana na kuvuruga, yaani kukoroga kitu kilichotulia.

"Shangazi, si fujo tu?" akasema, kidole kikitembea kwenye simu. "Baba na Baba Mdogo wanarushiana maneno kwenye kundi la ukoo. Wanagombea mikorosho aliyoacha babu. Andika kitu basi, wewe ndiye msomi."

Nilimwambia kamusi imeeleza nusu tu.

Kiangazi mto ulipokauka, tulichimba shimo mchangani na maji yakajikusanya polepole, ya baridi, yenye harufu ya mizizi. Tulichota kwa kata ya kifuu, juujuu, bila kugusa chini. Sheria ilikuwa moja: aliyevuruga maji anachota wa mwisho, na wenzake wa nyumbani wanangoja naye.

Siku moja ya Ramadhani, jua limeinama, nikaona kata inanichelewesha. Nikazamisha ndoo nzima. Maji yakawa kama uji wa ulezi.

"Haya, leo tunafuturu matope!" mama mmoja akapaza sauti kwenye foleni.

"Mikono ina mashetani hiyo," mwingine akadakia.

Kwa aibu nikaanza kuyatoa matope kwa viganja. Yakazidi. Bibi, niliyekuja naye, midomo imemkauka kwa saumu, akanishika bega.

"Toa mkono. Kaa."

Tukakaa. Wanawake nao wakakaa, wananuna. Hakuna aliyefanya lolote, na tope likashuka lenyewe. Wakachota mmoja mmoja, wakaondoka. Adhana ilitukuta sisi wawili tu pale shimoni. Bibi akafungua saumu kwa kata ya kwanza, mafunda matatu, kisha akanipa mimi.

"Sasa yametuama," akasema. Wala hakunigombeza.

Siku hizi Chiola wanafungua bomba, na watoto wa simu wakingoja dakika moja wanadhani mtandao umekufa. Siwacheki sana. Juzi hiyo jioni niliwaandikia kaka zangu sentensi tatu nzuri za kuwapatanisha, nikazifuta, nikaiweka simu kifudifudi mezani. Kila ilipolia nilitamani kuishika, nikahisi mkono wangu bado uko ndani ya lile tope.